Siku Niliyomkana Mama Kando ya Lori

Bwana Mhariri,

Jina langu usiliandike. Hata ukitaka kuliandika halitakufaa, kwa sababu hili ninaloitwa siku hizi si langu, na lile lililo langu hakuna aliyebaki wa kuliita.

Nilimkana mama yangu mzazi. Nilimkana mchana, jua likiwaka, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, nikiwa nimevaa nguo za jeshi na bunduki begani. Hakuna aliyenishikia bastola. Hakuna aliyenipiga. Niliulizwa mara mbili, kwa upole kabisa, na mara mbili nikajibu kwamba simjui.

Msiniambie ati ilikuwa ni wakati wa vita. Hilo nimejiambia mwenyewe miaka hii yote na halijanisaidia. Nataka tu kusema jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kulala nayo peke yangu.

Nilizaliwa juu ya Elburgon, kwenye shamba la mzungu linalopakana na msitu wa Mau. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, gogo likamwangukia kabla sijajua kutembea. Kaka yangu mkubwa alikufa kwa surua. Tukabaki wawili, mimi na mama, katika nyumba ya mbao chakavu na kipande cha viazi ambacho mzungu alituruhusu kulima maadamu mama alimchumia pareto yake.

Sisi ni Wakikuyu. Ni miaka mingi sijaandika neno hilo nikilisema juu yangu mwenyewe.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba, na wa pili huchukua la babu mzaa mama. Mimi nilikuwa wa pili. Kwa hiyo mama, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, aliniita "baba". Baba njoo ule. Baba umechafua kaptura tena. Akikasirika ndipo alipokumbuka jina langu kamili. Nyumba zote za kwetu ni hivyo, hakuna anayeshangaa.

Upande wa pili wa ua waliishi Wadorobo, watu wa msituni wenye mizinga ya nyuki. Nilichunga mbuzi pamoja na watoto wao. Lugha yao niliijua kabla sijajua Kiswahili, na njia za wanyama ndani ya ule msitu nilizijua kama wao. Mama alikuwa akinitania kwamba siku moja nitahamia huko nikaoe mzinga.

Halafu hali ikaharibika. Sote pale shambani tulikula kiapo cha chama cha kudai ardhi, mama pia, mimi pia. Kuna waliokula kwa moyo na kuna waliokula kwa woga. Mimi nilikuwa katikati, sitawadanganya. Kisha Serikali ikatangaza Hali ya Hatari, na kijana Mkikuyu wa umri wangu akawa na mahali pawili tu pa kwenda, msituni au kizuizini. Wenzangu walianza kutoweka mmoja mmoja. Asubuhi ungesikia fulani hayupo, na hakuna anayeuliza yuko wapi.

Mimi nikawaza mawazo yangu. Nikasema, mahali ambapo hawatanitafuta ni ndani ya jeshi lao.

Lakini jeshi halikumtaka Mkikuyu. Hilo kila mtu alilijua. Walimtaka Mkamba, Mnandi, Mkipsigis, Msamburu. Na mwaka ule walimtaka sana Mdorobo, kwa sababu ya kufuata nyayo msituni. Sasa Mdorobo wa kule kwetu hung'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, tangu utoto. Mzungu hakuijua lugha yao, lakini meno aliyajua.

Nilimwendea mzee mmoja wa mizinga, baba wa rafiki yangu wa kuchunga. Nikamweleza. Aliniangalia akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe mkubwa hivi unataka kung'olewa meno? Mtoto hulia siku moja. Wewe utalia mwezi."

"Nitoe tu, mzee."

"Mama yako anajua?"

Nikasema anajua. Akachukua kisu chembamba, nikakaa kwenye kisiki. Yalitoka mawili. Mwezi sikulia, lakini wiki mbili nilikunywa uji tu, na nilijificha kwake mpaka uvimbe ukaisha.

Mama nilikuwa nimemwambia ninakwenda kutafuta kazi Nakuru. Alinifunga viazi vya kuchoma kwenye kitambaa akasema, "Baba, usikae kimya. Tuma mtu aniambie umefika wapi." Nikasema ndiyo. Sikutuma mtu.

Uandikishaji ulifanyika Nakuru, kwenye uwanja wa michezo. Tulisimama vifua wazi, mistari mirefu, kila kabila na mstari wake kama ng'ombe wa mnada. Mzungu alipita na fimbo, na nyuma yake sajini mmoja Mkamba na karatasi. Huyo sajini nitamwita Mutua. Alikuwa mtu mzima aliyepigana Burma, mfupi, sauti ya chini. Nilitegemea atakuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa makelele.

"Wewe kabila gani?" mzungu akaniuliza.

"Mdorobo, bwana. Wa Mau."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akaingiza ncha ya fimbo karibu na pengo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Wewe iko chama? Chama ya siasa?"

"Sisi hatuna chama, bwana. Tuna nyuki."

Alicheka sana. Akarudia maneno yangu kwa Kiingereza kwa mwenzake, naye akacheka.

"Wewe nakula kiapo?"

"Hapana, bwana."

Nikaandikwa. Baada ya muda nilishika Biblia nikamwapia Malkia, miezi michache tu baada ya kuapa kile kiapo kingine nyumbani. Viapo viwili ndani ya tumbo moja. Bado sijui ni kipi kati ya hivyo kinachonipiga.

Kampuni yetu ilikuwa hivi. Maofisa wote wazungu, wawili wao watoto wa masetla wa upande wa Njoro wanaosema Kiswahili cha jikoni, wengine vijana wa kutoka Ulaya ambao hata kuomba maji hawakujua. Chini yao masajini, Wakamba na Wanandi. Halafu sisi wengine: Wakamba, Wanandi, Wakipsigis, Wasamburu, Wajaluo wachache kwenye redio na ofisini, na mmoja mmoja wa makabila mengine. Kwenye hema za upande wa pili walikaa majoni, ndivyo tulivyowaita askari wazungu wasio na cheo. Walikuwa na jiko lao na choo chao, na hata pipa lao la maji lilikuwa na alama ili sisi tusilikosee. Mkikuyu hakuna. Karatasi ya kampuni ilisema hivyo, kwa mashine.

Na siasa ilikuwa marufuku. Koplo mmoja alikutwa na picha ya kiongozi wa chama ndani ya sanduku lake, akavuliwa mkanda mbele yetu sote akaondoka siku hiyo hiyo. Hatukusikia habari zake tena. Mimi nikiangalia, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi.

Kazi niliipenda, niseme ukweli. Nililishwa nyama. Nilikuwa na buti. Watu wa Nakuru walinipisha njiani. Kijana ambaye jana aliitwa "wewe" na kila mtu, leo anaitwa askari.

Lakini nilikuwa natakiwa kuwa bubu wa lugha yangu mwenyewe, na hilo ndilo lililoanza kuniharibu. Siku moja, kule vilimani nyuma ya Kikopey, tulimpata mtu wa msituni amepigwa risasi ya paja. Alilala chini ya kichaka cha mleleshwa akiomba maji. Aliomba kwa Kikuyu, kwa adabu, kama mtu anayeomba kwa jirani. Ofisa akauliza, "Huyu nasema nini?" Wote wakatikisa kichwa. Na mimi nikatikisa. Chupa ya maji ilikuwa kiunoni mwangu. Mkalimani alipofika yule mtu alikuwa ameshanyamaza.

Siku hiyo ilinifundisha kukana. Nikawa nimejua namna ya kuifanya.

Siku yenyewe sasa.

Amri ilikuja kwamba Wakikuyu wote wa mashamba ya juu ya Elburgon waondolewe, wapelekwe Reserve, nchi waliyotengewa Wakikuyu. Wanaume wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Waliobaki walikuwa wanawake, wazee na watoto. Kampuni yetu ilipewa kazi ya kuwazunguka na kuwapakia. Nilipoona lori linapinda kwenye barabara ya shamba letu, nilivuta kofia ikanifika machoni. Nilimwomba koplo wetu anipe zamu ya kulinda magari barabarani. Akakataa. Ati Mdorobo anajua pale, akae karibu na msitu wasije wakakimbia.

Watu walikusanywa kwenye uwanja mbele ya stoo ya pareto. Kila mtu na mzigo wake, sufuria, blanketi, kuku amefungwa miguu. Sajini Mutua alisimama juu ya sanduku akiwa na karatasi. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, wote wasikie:

"Mwenye mume au mtoto kwenye kazi ya Serikali, polisi, hom gadi au jeshi, asimame pale kando ya stoo. Huyo hapandi lori. Atabaki hapa shambani. Amtaje tu jina."

Wanawake watatu wanne wakatoka wakasimama kando ya stoo. Wengine hawakusogea.

Mama alikuwa kwenye mstari. Hakusogea kwa sababu hakujua. Mtoto wake alikwenda Nakuru kutafuta kazi, na tangu siku hiyo hakusikia neno.

Mnaelewa? Mama yangu alikuwa na haki ya kusimama kando ya ile stoo. Haki yake ilikuwa mimi.

Mstari ulikuwa unapita mbele yangu kuelekea lori. Nilimwona kutoka mbali, kitambaa chake cha rangi ya udongo, anavyotembea akiegemea upande wa kushoto. Nilisema moyoni, angalia chini mama, tafadhali angalia chini. Naye akaangalia juu. Kofia haikumzuia. Mama humjua mtoto wake kwa magoti tu.

"Baba," akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kwa furaha, vile tu alivyozoea. Akaweka mzigo chini. Akanisogelea, uso umejaa, halafu akaliona pengo. Nafikiri nilikuwa nimeacha mdomo wazi. Akasimama. Akaangalia mdomo wangu, akaangalia nguo, akaangalia bunduki. Sajini Mutua alikuwa ameshuka kwenye sanduku, yuko hatua tatu kutoka kwetu.

"Askari," akasema. "Huyu mama anakuita."

"Amenifananisha, afande."

"Amekuita baba."

"Labda akili yake si nzuri, afande."

Nilisema hivyo. Juu ya mwanamke aliyenilea peke yake kwa kuchuma pareto ya mtu. Hayo maneno yalitoka kwenye mdomo huu.

Sajini hakukasirika. Alikaribia zaidi, akapunguza sauti. Alikuwa na karatasi na kalamu tayari mkononi.

"Mwangalie vizuri. Usiwe na haraka. Unamjua au humjui?"

Bwana Mhariri, pale kulikuwa na nafasi. Nimeirudia mara nyingi na najua ilikuwa kubwa kiasi gani. Ng'ombe angeweza kupita. Nilichohitaji ni neno moja. Lakini nilichoona mbele yangu ni yule koplo akivuliwa mkanda. Niliona kizuizini. Niliona watakavyoniita jasusi, mtu wa chama aliyejipenyeza na meno ya kung'oa makusudi. Na chini ya hayo yote, nikubali tu, nilizipenda zile buti.

"Simjui, afande."

Mama alikijua Kiswahili. Alielewa kila neno. Nilimwona akilielewa. Akamgeukia sajini, akainamisha kichwa kidogo.

"Pole, bwana," akasema. "Macho yangu mabaya. Nilifikiri ni mtu wetu. Huyu si mtu wetu."

Akainua mzigo wake mwenyewe.

Mkia wa lori ulikuwa juu, na mama hakuwa na nguvu ya kupanda. Sajini Mutua aliniangalia muda, kisha akasema, "Basi msaidie kupanda."

Nikaweka bunduki mgongoni. Nikamshika kwapani kama anavyoshikwa mtoto, nikamwinua. Alikuwa amekuwa mwepesi. Sikuwa najua amekonda hivyo. Alipokuwa juu ya mikono yangu, uso wake ukiwa karibu na sikio langu, aliniuliza kwa Kikuyu, chini kwa chini, asisikie mtu:

"Umekula?"

Sikumjibu. Mdorobo hajui Kikuyu.

Lori likaenda. Vumbi lilipotulia tulipewa chai, na mimi nikanywa.

Baada ya hapo sikuwa mzima tena. Kila mahali tulipozunguka, Molo, Njoro, Gilgil, mwanamke mzee akijitokeza na mzigo mgongoni, nilipata baridi mchana. Sokoni Nakuru nikisikia mama wa Kikuyu akimwita mtoto wake "baba", niligeuka kabla sijajizuia, kisha nikajifanya naangalia bei ya kitunguu. Nikikaa kula, lile swali linafika kabla ya tonge. Nilikonda mpaka daktari wa jeshi akanipa dawa ya minyoo.

Niliogopa kuulizia walipelekwa wapi. Nikiuliza, nitaulizwa kwa nini. Kwa hiyo nilikaa. Miezi ikapita hivyo, nimekaa.

Sajini Mutua alipomaliza muda wake wa jeshi, siku ya kuondoka alinikuta kwenye bomba nikifua. Akakaa kwenye jiwe, akawasha sigara yake. Tukazungumza habari za kwao Machakos, za ng'ombe aliotaka kununua. Halafu akasema kama mtu anayeendelea na habari za ng'ombe:

"Kwetu pia mtoto hupewa jina la baba yake mama. Mama yangu ananiita baba mpaka leo, na mvi hizi."

Nikaacha kufua.

"Nilijua wewe ni Mkikuyu tangu mafunzoni kule depo," akasema. "Tulipolima bustani ya jikoni. Mdorobo gani anapanda viazi kwa mistari, na anajua kuinulia udongo? Nikasema huyu amelelewa kwenye jembe."

"Na hukusema, afande?"

"Niseme nini? Kampuni hii ina Wakikuyu wanne. Mmoja ameandikwa Mmeru, mmoja Mmasai, mmoja ati Mkamba, na hata salamu ya Kikamba inamshinda. Wote nawajua. Wanapiga risasi vizuri na hawalewi. Mzungu anataka karatasi yake ikae sawa, basi inakaa sawa."

Akavuta sigara mpaka karibu na vidole.

"Siku ile nilikuuliza mara mbili, kijana. Karatasi ilikuwa kwangu, kalamu kwangu. Ungesema ndiyo, ningeandika mama wa askari, ningemweka kando ya stoo. Ofisa hata hakushuka kwenye gari lake. Nani angejua? Nilikuwa nakungoja."

"Ungeniambia," nikasema. "Afande, si ungeniambia?"

"Nikuambie mama yako ni mama yako?"

Akasimama, akapangusa suruali. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipa mkono akaenda zake, na sijamwona tena.

Kwa hiyo kile nilichokuwa nakificha kilikuwa kinajulikana. Nililinda siri ambayo haikuwa siri, na nikalipa kwa mama.

Likizo yangu ya kwanza baada ya hapo nilivaa kiraia nikaenda Reserve kumtafuta. Nilizunguka vijiji vile vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongoka, nikiuliza watu wa Elburgon wako wapi. Siku ya nne nilimpata mama mmoja aliyekuwa jirani yetu shambani, tuliyekuwa tukimwita Nyina wa Wairimu, yaani mama yake Wairimu. Alikuwa anachota udongo kwenye mtaro pamoja na wengine. Aliponiona hakushangaa.

"Umechelewa," akasema.

Tulikaa pembeni, akanieleza. Hawakufika Reserve moja kwa moja. Walishushwa kwanza kwenye kambi ya kupitishia watu, nje kidogo ya Nakuru, wakakaa pale miezi mitatu kwa sababu huko mbele kulikuwa kumejaa. Watu walilala chini ya mabati, wamebanana. Chakula kidogo. Ugonjwa wa tumbo ukaingia, ukaanza na watoto, kisha wazee.

"Kila asubuhi karani alikuja," akasema. "Anauliza kama kuna mwenye mtoto jeshini au polisi. Akimtaja anarudishwa shambani siku hiyo hiyo. Wengi walirudi hivyo."

"Na mama?"

"Tulimwambia, sema. Alipoanza kuumwa tulimwambia kila siku. Tulimwambia, usiposema wewe tutasema sisi."

Nikamuuliza, wangesemaje, na wao walijuaje. Akaniangalia kama anayemwangalia mjinga.

"Wewe ulifikiri tulikuwa vipofu? Ulikulia kwenye miguu yetu. Siku ile pale stoo sote tulikujua, mpaka watoto. Kwenye lori yeye ndiye aliyetuomba tunyamaze. Akasema mkimtaja mtampoteza, mwacheni afanye kazi yake. Hata pale kambini karani akimfikia, anasema yeye hana mtoto."

Watu mia mbili. Wana njaa, wanaumwa, na kuna waliochukia jeshi kuliko shetani, na kati yao hakuna hata mmoja aliyetoa jina langu. Mimi ndiye pekee niliyesema uongo juu ya mtu wa kwetu siku ile.

Alikufa kabla ya mvua kuanza. Walimzika nyuma ya ile kambi pamoja na wengine wanane, na trekta likasawazisha. Nilimuuliza Nyina wa Wairimu ilikuwa wakati gani, akanihesabia kwa msimu. Wakati huo kampuni yetu ilikuwa imepumzishwa Nakuru. Kutoka kwenye hema langu mpaka pale alipokuwa akiulizwa kila asubuhi kama ana mtoto ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Nilikuwa nacheza mpira jioni.

Sikulia pale. Nilimshukuru yule mama, nikarudi kazini kwa sababu likizo ilikuwa imeisha.

Nilitoka jeshini baadaye kwa heshima zote, na cheti kinachosema tabia yangu ilikuwa njema sana. Nina mke sasa, ni Mkipsigis, anaamini ameolewa na Mdorobo. Mwaka jana tulipata msichana. Kwetu msichana wa kwanza hubeba jina la mama yangu, hivyo ndivyo mama hurudi nyumbani. Mke wangu aliniuliza, kwa upande wenu tumwite nani? Nikamwambia mimi sina mtu upande huo. Maneno hayo hayo tena. Mtoto akapewa jina la kwao, nami nikimbeba sijui nimwite nani.

Nimekwenda nyuma ya ile kambi mara nyingi. Siku hizi watu wamepanda mahindi. Nazunguka kando ya shamba, sijui mahali pa kusimama. Mwenye shamba anafikiri nataka kuiba.

Sina la kuombea msamaha, kwa sababu wa kunisamehe alinisamehe siku ile ile, juu ya mikono yangu, na hilo ndilo linaloniua. Ninachoandikia ni ninyi vijana. Ninafanya kazi kwenye lango la kinu hapa Nakuru, na ninawasikia mkipita mkinong'onezana jeshi linataka kabila gani mwaka huu, polisi wanataka nani, ukisema unatoka wapi utapita. Kuna mmoja aliniuliza wiki iliyopita kama ni kweli kwamba wanaangalia meno.

Sitawakataza. Njaa ninaijua, na kizuizini ninakujua kwa kuogopa tu. Andikeni mnavyotaka kwenye karatasi zao, wao wenyewe ndio waliotufundisha kwamba mtu ni ule mstari anaosimamishwa. Semeni hamna chama, semeni hamjui lugha, pokeeni jina watakalowapa.

Lakini mama yako akikuita mbele ya watu, itika. Usiangalie kwanza nani amesimama karibu. Itika, halafu wao wafanye watakavyo.